Mwaka Niliowaandika Waliotutangulia

Siku hizi kifo kinafika kwenye simu kabla marehemu hajaoshwa. Mwezi uliopita nilikuwa uani napepeta maharage, simu ikatetemeka juu ya kigoda, na kwenye kundi letu la watu wa Mbinga ikatokea picha ya Mwalimu Gaudensi amevaa koti la kahawia, chini yake mshumaa na maneno yale yale. Kufikia saa sita karibu kila mtu alikuwa ameshaweka vile viganja vya pole. Saa saba mmoja akatuma tangazo la mbolea, na picha ya Mwalimu ikasukumwa juu, ikapotea. Sikulia. Niliendelea kupepeta, kwa sababu umri huu ukianza kulia kwa kila picha hutapata muda wa kupika chakula. Jioni watoto wake wakaja kuniomba niandike wasifu wa marehemu wa kusomwa makaburini, wakisema mimi ndiye niliyefundishwa naye kuandika. Nilipofika kwenye kilichomwondoa nikaandika saratani ya koo, maana ndiyo iliyomla miaka miwili mbele ya macho yetu. Mwanawe mkubwa akaniomba nibadilishe niweke maradhi ya uzee. Nilimtazama nikaona sina nguvu ya kubishana na mtu aliyefiwa. Nikampa kalamu, nikamwambia mstari huo auandike mwenyewe. Nilirudi kitandani nimechoka mwili mzima, na usingizi ulipokataa nikaanza kuukumbuka mwaka ule niliofanya kazi kwake.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne na kujifunza kupiga taipu. Gazeti lenyewe lilikuwa karatasi nne zilizobanwa kwa pini, likitoka kila baada ya wiki mbili, na jina lake lilikuwa Habari za Mlimani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge la mzee mmoja Mwislamu ambaye babu zake walitoka Kilwa. Harufu ya nguo mpya ilipita chini ya mlango ikakutana na harufu ya wino wa mashine ya kurudufu, na mpaka leo nikinusa kitenge kipya vidole vyangu vinahisi weusi. Kulikuwa na meza mbili, dirisha moja la mbao na jiko la mkaa lililowekwa chini ya meza ya Mwalimu kuanzia mwezi wa sita, baridi ya Mbinga ilipoanza kuuma. Mchana tulikula viazi vya kuchemsha na chai. Mwalimu alikuwa amestaafu ualimu, mrefu, mwenye kikohozi kikavu, na alisoma kila kitu kwa sauti kabla hakijaenda kwenye stensili. Safu iliyosomwa kuliko zote ilikuwa ya nyuma, ya vifo, iliyoitwa Waliotutangulia. Watu waliligeuza gazeti wakiwa bado mlangoni, wakasoma nyuma kwanza. Mwalimu alinipa safu hiyo wiki yangu ya kwanza na masharti yake: jina kamili, kijiji, kazi aliyojulikana nayo, kilichomwondoa, aliowaacha. Mistari mitano, na wanne tu kwa kila toleo, watu wanaofahamika. Nilipoandika kwamba mzee fulani alikuwa mcheshi na mwenye upendo kwa wote, alifuta. "Skola," akasema, "kila marehemu ni mcheshi na ana upendo. Sasa wale waliotupiga viboko na kutunyang'anya mipaka ya mashamba walikuwa akina nani? Andika alifanya nini."

Ulikuwa mwaka mbaya wa kupewa safu hiyo. Nyuma yetu kulikuwa na mafundi seremala, na nyundo zao hazikuwa zikipiga vitanda tena. Waliokufa walikuwa watu wa umri wa kuoa na kujenga: walimu, makarani, madereva wa malori, wauza mitumba. Tulikuwa na maneno machache ya kuwazikia. Kuugua kwa muda mrefu. Kuugua kwa muda mfupi. Malaria kali. Kifua. Kila mtu alijua kulikuwa na neno jingine, na watu walilitamka kwa kupunguza sauti, au hawakulitamka kabisa, wakasema tu "ule ugonjwa" na kutazama pembeni. Mimi nilipiga taipu maneno hayo machache mpaka vidole vikayajua bila macho. Sikuona ubaya wake. Niliona ni heshima, kama kumfunika mtu shuka.

Mwezi wa pili akafa Bwana Frolian Hyera, bwana shamba. Hakuna aliyelima kahawa kuanzia mjini hadi Kitura asiyemjua. Ugonjwa wa chulebuni ulipoingia na kuozesha kahawa mitini ingali mbichi, ndiye aliyepanda na kushuka vilima kwa pikipiki akiwaonyesha watu namna ya kupuliza dawa, akila kwenye nyumba yoyote iliyokuwa imepakua. Mwalimu akanituma Kitura nikachukue habari zake. Nilifika siku ya pili baada ya mazishi. Nyumba ilikuwa imejaa watu waliochoka, wanaume wamekaa karibu na vichanja vya kuanikia kahawa, wanawake jikoni. Binti hawezi kufika msibani akasimama na daftari, kwa hiyo nikapewa ungo wa maharage nichambue huku nikisubiri. Karibu nami walikaa wanawake wawili, na mmoja ni shangazi wa marehemu aliyemuuguza hospitali ya misheni. Walizungumza Kimatengo kwa sauti ya chini, wakidhani mtu wa gazeti ni mgeni. Mimi ni Mmatengo.

"Daktari alimwita kaka chumbani akafunga mlango," shangazi alisema. "Kaka alipotoka uso ulikuwa umemshuka. Akaniambia ni ule ugonjwa, na nikifungua mdomo hatanitambua tena."

"Na mke wa marehemu?"

"Mkewe hajaambiwa."

"Kumbe. Na Batista, mdogo wake? Si ndiye watakayempa amrithi mjane?"

Shangazi alifunua chungu, akatazama ndani, akafunika. Nikaendelea kuchambua maharage, nikitupa mabovu na mazima pamoja.

Huyo kaka aliyemtaja alikuwa Mzee Hyera, baba mkubwa wa marehemu na mkuu wa ukoo. Aliniita nyuma ya nyumba. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia na kuniuliza kama nimekula, nami nikasema nimekula. Akanitajia yote kwa utaratibu: shule alizosoma Frolian, vijiji alivyohudumia, mjane mmoja, mtoto mmoja. "Na kilichomwondoa," akasema, "andika shinikizo la damu. Andika vizuri, mwanangu. Kuna watu wana midomo." Alikuwa amemlea Frolian tangu akiwa mdogo. Nikaandika. Nilipoondoka nilipita sebuleni kumpa mjane pole. Aliitwa Kresensia, Mnyasa kutoka Mbaha kando ya ziwa, amenizidi miaka minne au mitano tu, amekaa kwenye mkeka na mtoto wa miaka mitatu amelala mapajani pake. Aliniambia ahsante mdogo wangu, na njia ni mbali, angalia mvua.

Kesho yake nilimweleza Mwalimu niliyoyasikia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka miwani mezani. "Gazeti si hospitali, Skola. Sisi tunaandika tunachopewa na wafiwa."

"Lakini Mwalimu, yule mdogo wake atamrithi."

"Tukiandika ulichosikia jikoni, toleo lijalo nani atatufungulia mlango?" Akakohoa kwa muda mrefu. "Piga taipu."

Nikapiga. Shinikizo la damu, kwenye mstari wa nne. Ningeweza kusema nilikuwa mdogo na yeye ndiye mkubwa wangu. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Ila nakumbuka kwamba nilipomaliza nilisikia nafuu, kazi imekwisha, na nikala viazi vyangu kama kawaida.

Kama miezi mitatu baadaye Batista akaja ofisini. Alikuwa mfyatua matofali, kijana mpole, mikono imepasuka kwa udongo, na alisimama mlangoni hadi alipoambiwa akae. Alitaka nakala nyingine ya toleo lile, ya kwanza ilichakaa kwa kushikwashikwa. "Nawashukuru sana, dada," aliniambia. "Watu walikuwa wanamsema marehemu kaka vibaya. Nimewaonyesha gazeti, wamenyamaza. Hata mimi mwenyewe, sikufichi, nilikuwa na wasiwasi. Sasa nimetulia. Mwezi wa nane tunaondoa msiba, nitamchukua shemeji na mtoto." Aliikunja nakala mara nne akaitia mfuko wa shati. Mwalimu alijifanya kutafuta kitu kwenye saraka mpaka alipotoka. Nilimsikia mwenye duka akipima kitenge upande wa pili, akihesabu yadi.

Siku tatu baadaye nikaomba ruhusa nikashuka ziwani. Kresensia alikuwa amerudishwa kwao kukaa miezi ya msiba. Nilipanda lori hadi Mbamba Bay, na asubuhi yake boti ya injini iliyokuwa ikipeleka sabuni na mafuta ya taa vijiji vya kaskazini. Njia nzima nilipanga maneno. Nilijiona jasiri. Mbaha nilimkuta uani akigeuza usipa, dagaa wa ziwa letu, juani, amekonda mabega, na ngozi ya mikono ina madoa. Mama yake akanipikia ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchemsha, tukala watatu bila kuulizana kilichonileta. Mama yake alipokwenda kuosha vyombo ziwani nikamwambia yote: jikoni, daktari, Mzee Hyera, gazeti.

Aliendelea kugeuza samaki mpaka akafika mwisho wa kichanja. "Nilijua," akasema. "Alipoanza kuhara nilijua. Mtu unamfulia shuka miezi saba, utaacha kujua?"

"Sasa dada, kwa nini umekubali kurithiwa?"

"Nisipokubali watamchukua mtoto. Theresia ni wa kwao, wa Kitura." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tuanze. "Wewe umesafiri siku mbili kuja kuniambia mimi. Batista je? Yeye yuko karibu nawe hapo Mbinga. Ulishamwambia?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Nilikuwa nimechagua njia ndefu kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi. Kumwambia mwanamke mwenzangu anayeumia kulikuwa rahisi kuliko kumkabili mwanamume ambaye nilimdanganya kwa maandishi. "Mwambie," akasema Kresensia. "Mimi nikisema, wataniambia nimemuua mume na sasa namkataa ndugu yake."

Nilimwambia Batista. Nilimwita ofisini, na Mwalimu, namshukuru, alibaki chumbani ingawa alitazama sakafu. Batista alinisikiliza, akatoa gazeti mfukoni, akalifungua juu ya taipu yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa nne. "Haya ni maandishi ya nani?"

"Yangu."

"Basi ulidanganya lini, hapa au sasa hivi?" Nikasema hapa. Akatikisa kichwa. Hakupiga kelele. "Umetumwa," akasema. "Kuna watu hawataki nimchukue shemeji, wamekutuma." Akalikunja gazeti lake akaondoka. Nilijaribu kumfuata, Mwalimu akanishika mkono. Leo najiuliza kama nilikuwa na haki ya kusema siri ya mwili wa mtu mwingine ofisini pale, mbele ya mtu wa tatu, na sipati jibu lisilonichosha. Nikinyamaza nilikuwa na kosa, nikisema nilikuwa na kosa. Wakati huo niliona tu kwamba neno langu la mdomo limeshindwa na neno langu la karatasi.

Mwezi wa nane Mwalimu akaniambia twende wote Kitura kuondoa msiba. Hakusema sababu. Kulikuwa na baridi, ukungu umelala kwenye ngoro, vile vishimo vya mashamba yetu ya milimani, mpaka karibu saa tano. Watu walikula ugali na nyama ya nguruwe, wakanywa, kisha Mzee Hyera akasimama kumuuliza mjane mbele ya ukoo nani atamtunza yeye na mtoto. Ni swali ambalo jibu lake huwa limeshapangwa. Batista alikuwa amevaa shati jipya. Kresensia akasimama, ameshikilia ukingo wa meza.

"Baba," akasema, "Batista ni mtu mwema. Ndiyo maana simtaki. Mume wangu alikufa kwa Ukimwi, na mimi ninao."

Watu waliguna wote kwa pamoja, na mtoto mmoja akalia nyuma ya nyumba. Mzee Hyera aliuliza, "Nani amekwambia maneno hayo?"

Nilingoja jina langu. Nilikuwa hatua sita kutoka alipokuwa. Kresensia hakunitazama kabisa. "Mwili wangu umeniambia," akajibu, akakaa.

Jioni ile waliamua. Yeye arudi Mbaha kwao, mtoto abaki. Hakuna aliyemtukana mbele yetu, ila hakuna aliyekula tena kwenye sahani aliyoitumia. Batista ndiye aliyempokea Theresia kutoka mikononi mwa mama yake. Mtoto alikuwa anampenda, hakulia, na nadhani hilo lilimuumiza Kresensia kuliko kilio. Batista alijaribu kusema kitu. Kresensia akamwambia, "Mpe uji asubuhi, hapendi wa baridi," akapanda kwenye gari lililokuwa likishuka. Mwalimu na mimi tulitembea hadi barabarani. Tulipofika kwenye daraja akasimama kukohoa, akasema, "Alisema kwa sauti. Mimi na gazeti langu tumekuwa tukinong'ona."

Mwezi wa kumi na moja mvua za kwanza zilipoanza, dereva wa lori akaniletea ujumbe kwamba Kresensia ananiita. Nilimkuta amelazwa barazani, mwepesi kama furushi la nguo, macho yake yakiwa yale yale. Mama yake alikuwa akimlisha uji kwa kijiko kidogo. Kresensia alimwomba atuache. "Nikifa uniandike," akaniambia. Nilikaribia kumwambia kwamba safu ile ni ya watu wanaofahamika. Neno lilifika kwenye ulimi na ninamshukuru Mungu lilibaki hapo. "Uandike Ukimwi. Usiandike kuugua kwa muda mrefu. Wako wenzangu wengi huko juu wanasubiri kurithiwa." Nikamwahidi. Alikufa wiki iliyofuata, na nilipomweleza Mwalimu alitoa mmoja kati ya wale wanne, diwani mstaafu, akamsogeza toleo lijalo. Alisoma nilichoandika kwa sauti, mara mbili, na hakufuta kitu. Kresensia Ndomba, wa Mbaha. Mkulima na mkausha samaki. Alikataa kurithiwa ili kumnusuru shemeji yake. Amefariki kwa Ukimwi, na ameomba iandikwe hivyo. Ameacha mama na binti.

Mzee Hyera alikuja siku ya pili baada ya toleo kutoka, amelowa mvua. Alisema tumeuvua nguo ukoo wake. Alisema Frolian alikuwa mtoto wa mikono yake, na sasa kila anayesoma kuhusu mke anajua kuhusu mume. Yote hayo yalikuwa kweli. Mwalimu alimpa kiti, na mzee hakukaa. "Mara ya kwanza tuliandika ulichotupa wewe," Mwalimu akamwambia. "Mara hii tumeandika alichotupa mwenyewe. Nisamehe mzee wangu, lakini ya kwanza ndiyo inayoninyima usingizi." Mzee Hyera alisimama pale maji yakimchuruzika, akalia bila kujifuta, akatoka. Watu wengi waliacha kutuletea habari za wafu wao. Wengine, wachache, walikuja wakati duka halina wateja, wanawake karibu wote, wakiniuliza kwa kunong'ona ni hospitali gani mtu anaweza kupimwa. Mwaka ulipoisha nilipata nafasi ya chuo cha ualimu nikaondoka, na gazeti halikuchukua muda mrefu nalo likafa.

Batista hakunishukuru wala hakunilaumu. Alioa baadaye, akapata watoto, na tukikutana sokoni tunasalimiana habari za nyumbani, habari za shamba, basi. Theresia alikua akimwita baba. Ugonjwa haukumgusa. Miaka miwili iliyopita nilikwenda Mbamba Bay kwenye kipaimara cha mjukuu wa dada yangu, nikafikia kwenye nyumba ya wageni inayotazama maji. Mwenye nyumba hiyo, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito, aliniandika kitabuni, akasoma jina langu tena, akaniuliza, "Shangazi, wewe ndiye Skola wa gazeti?" Alikuwa Theresia. Aliniletea chai na mihogo ya kukaanga barazani, akakaa mbele yangu. Alisema mistari ya mama yake anaijua kwa moyo, Baba Batista alimsomea alipofikisha umri.

"Lakini haisemi alikuwa mtu wa namna gani," akaniambia. "Bibi alikufa nikiwa darasa la pili. Mama alipenda nini? Alikuwa mwimbaji? Alikuwa mkali? Alicheka vipi?"

Nilitafuta. Nilijua alivyougua, nilijua mahali alipolala siku za mwisho, nilijua alichosema mbele ya ukoo neno kwa neno. Nilikuwa nimeonana naye mara nne maisha yangu yote, na kila mara nilikuwa nimekwenda kwa sababu ya kifo. Nikamwambia ukweli huo. Theresia akaniongezea chai kikombe kikiwa bado nusu. "Si neno, shangazi," akasema. "Baba Batista nikimuuliza hubadili mazungumzo. Nitawauliza wengine waliomjua." Nikawapitia kichwani mmoja mmoja, wa Mbaha na wa Kitura, nikashika kikombe kwa mikono miwili, sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba wamekwisha.